Fundi Sanifu na Kiwanda cha Pamba: Sayansi ya Kuzuia Uharibifu

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao unaongoza nchini Tanzania kwa kilimo cha pamba. Mkulima wa huko hupanda mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, na huchuma wakati wa kiangazi. Msimu wa ununuzi hufunguliwa aghalabu mwezi Mei. Tangu hapo malori husomba pamba mbegu kutoka katika vyama vya msingi na kuipeleka katika viwanda vya kuchambulia. Huko nyuzi hutenganishwa na mbegu, kisha hushindiliwa kuwa marobota.

Anayeifuatilia safari hiyo ya pamba huwaona mkulima, karani wa mizani na dereva. Ni nadra kumwona fundi sanifu mwandamizi wa matengenezo, yaani mtu mwenye dhamana ya kuhakikisha kwamba mitambo haisimami. Kazi yake ikifanywa vizuri haionekani, kwa sababu matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea: moto ambao haukuwaka, mota ambayo haikuungua, mkono ambao haukukatwa.

Gharama ya kusimama

Kiwanda cha pamba hufanya kazi kwa miezi michache tu, na katika miezi hiyo huweza kuendeshwa usiku na mchana. Mtambo mmoja ukikwama, pamba mbegu hurundikana ghalani. Rundo lenye unyevu hupata joto kwa ndani. Rangi ya nyuzi huharibika, na uwezo wa mbegu kuota hupungua. Ghala likijaa ununuzi huzorota, naye mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa hungoja. Hivyo beringi moja iliyovunjika huweza kumgusa mtu aliye mbali sana na kiwanda, asiyewahi kuiona beringi hiyo.

Mashine ya kuchambulia

Mwaka 1794 Mmarekani Eli Whitney alipewa hataza ya mashine iliyotumia meno kuvuta nyuzi. Mwaka 1840 Mmarekani mwingine, Fones McCarthy, alibuni mashine ya rola, na aina hiyo ndiyo iliyoenea sana katika viwanda vya Tanzania. Rola iliyofunikwa kwa ngozi huzishika nyuzi na kuzivuta kupita chini ya kisu kisichocheza. Mbegu, kwa kuwa ni nene, haziwezi kupita. Kisu cha pili kinachocheza huzigonga zikaanguka. Kwa kawaida theluthi moja hivi ya uzito wa pamba mbegu huwa nyuzi, na sehemu kubwa ya uzito unaobaki ni mbegu, zinazotumika kwa kupanda, kukamulia mafuta na kutengenezea mashudu.

Katika mashine hii fundi hushughulika na nafasi ndogo mno. Kisu kikikandamizwa sana juu ya rola, msuguano huzidi, ngozi hupata moto na huisha upesi. Kikilegea, nyuzi hazivutwi ipasavyo. Visu viwili vikipishana vibaya, mbegu hukatwa. Na mbegu iliyopasuka ganda huingiliwa na ukungu kwa urahisi, ikapoteza nguvu ya kuota. Kwa maneno mengine, shamba la mwaka ujao huweza kuharibiwa kwa spana mwaka huu.

Kazi nyingine yapasa kutajwa. Meatu pia huzalisha pamba ya kilimo hai, isiyotumia mbolea wala dawa za viwandani. Kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi hiyo na wakulima wa huko tangu mwaka 1994. Kabla ya pamba ya namna hiyo kuchambuliwa, mitambo na mabomba yote hayana budi kusafishwa kabisa, ili isichanganyike na pamba ya kawaida.

Hesabu za beringi na mota

Beringi ya gololi hufuata kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuikokotoa: mzigo ukizidishwa mara mbili, umri wake haupungui kwa nusu, bali hubaki sehemu moja ya nane, kwa kuwa umri hugawanywa kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Tuseme beringi imekadiriwa kufanya kazi kwa saa 8,000. Kwa saa 20 kila siku, hizo ni siku 400, yaani misimu kadhaa. Sasa mfanyakazi mwenye haraka akaze mkanda kupita kiasi hata mzigo uwe maradufu. Saa 8,000 zitakuwa 1,000, yaani siku 50. Beringi itavunjika katikati ya msimu, na watu watasema kipuri kilikuwa kibovu.

Mota ya umeme nayo ina adui wake, nalo ni joto. Kanuni itumiwayo na mafundi husema kwamba kila joto la waya likizidi kwa nyuzi 10 za Sentigredi, umri wa kihami chake hupungua kwa nusu. Katika kiwanda cha pamba vumbi la nyuzi huifunika mota kama blanketi. Kuipangusa ni kazi ya dakika chache, lakini huongeza miaka.

Hatari kubwa zaidi ni mota ya njia tatu kupoteza njia moja, labda kwa fyuzi kuungua. Ikiendelea kuzunguka na mzigo wake, mkondo katika njia mbili zilizobaki hupanda kufikia kiasi cha mara 1.73. Na kwa kuwa joto hufuata kipeo cha pili cha mkondo, joto katika nyaya hizo huwa mara tatu. Ndiyo sababu fundi mzoefu akisikia mota inanguruma isivyo kawaida huizima kwanza, kisha ndipo huuliza.

Moto uliofichwa

Jiwe au kipande cha chuma kikipita na pamba hutoa cheche. Sumaku hunasa chuma, lakini hainasi jiwe. Cheche ikinaswa ndani ya robota, hewa iliyomo kati ya nyuzi hutosha kuulea moto polepole bila ndimi, hata kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, baada ya moto mdogo mashineni, marobota yaliyotoka wakati huo hutengwa nje na kuchunguzwa. Fundi anayeyaingiza ghalani kwa kuwa hayatoi moshi hucheza na mali ya watu wengi.

Kujua wakati wa kugusa

Wengi hudhani kuwa matengenezo mema ni kubadilisha kila kipuri kwa kalenda. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wa shirika la ndege la United la Marekani, walichapisha taarifa iliyoonyesha kuwa ni asilimia 11 tu ya aina za vifaa vya ndege walivyovichunguza vilivyoonyesha dalili ya kuchakaa kwa umri. Vingine viliharibika bila kufuata umri, na baadhi viliharibika zaidi vilipokuwa vipya. Kufungua mashine iliyo nzima kwaweza kuleta ugonjwa ambao haukuwapo.

Hivyo fundi mwandamizi hupima kwanza. Huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nyumba ya beringi na mpini sikioni. Siku hizi hutumia pia vipimajoto na vipimo vya mtetemo. Zaidi ya yote, huandika. Daftari la mashine lenye joto, mkondo na tarehe za grisi humwambia lipi limebadilika tangu wiki iliyopita. Na kabla ya kuingiza mkono hukata umeme, hufunga swichi kwa kufuli, na ufunguo huuweka katika mfuko wake mwenyewe.

Maarifa haya hupatikana darasani na kazini. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1957, nacho tangu 1997 ni Taasisi ya Teknolojia. Cha Arusha kilianza mwaka 1978. Na VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Lakini uandamizi huja kwa misimu, hasa miezi ile ya masika kiwanda kinapokuwa kimya. Hapo ndipo mashine hufunguliwa, rola hunyooshwa na vipuri huagizwa. Mwenye kiwanda anayebana fedha katika miezi hiyo huzilipa maradufu mwezi Julai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa baiskeli. Igeuzwe juu chini, na gurudumu la mbele lizungushwe kutoka kwenye mwendo uleule kila mara, kwa kuhesabu mizunguko kumi kwa sekunde kumi kabla ya kuliachia. Wanafunzi wapime muda hadi lisimame. Kisha beringi zisafishwe kwa mafuta ya taa, zitiwe grisi mpya, na muda upimwe tena. Hatimaye nati za ekseli zikazwe kidogo kupita kiasi, muda upimwe kwa mara ya tatu, na nati zirudishwe mahali pake. Tofauti za nyakati hizo tatu ziandikwe katika jedwali. Mwanafunzi atakayeweza kuzieleza kwa kanuni za msuguano amekwisha kuianza kazi ya fundi sanifu.