Kadi ya Pili Hununuliwa na Nani?

Kwenye hati ya mshahara ya karani wa benki jijini Nairobi, mstari wa SHIF, mchango wa bima ya afya ya umma, husomeka asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 hukatwa 2,750. Enzi za NHIF, bima ya umma ya zamani iliyoipisha mamlaka mpya ya SHA tarehe 1 Oktoba 2024, alikatwa 1,700. Hata hivyo, mtoto akishikwa na homa usiku, kadi anayoitoa hospitalini ni ya bima binafsi.

Wengi hudhani kadi hiyo hununuliwa na mwenye hofu ya maradhi. Sivyo. Mara nyingi mnunuzi ni mwajiri, anayewalipia wafanyakazi na wategemezi wao kwa mkupuo. Katika kundi kubwa wazima huwabeba wagonjwa, kwa hiyo hata mwenye kisukari huingia bila kuhojiwa sana. Kinachomfungulia mlango ni kazi yake.

Sasa mtazame seremala wa soko la Gikomba anayetaka kujinunulia. Anakabidhiwa fomu: umewahi kutibiwa shinikizo la damu? Pumu? Saratani? Kila "ndiyo" ina gharama yake. Ugonjwa huo huenda ukawekewa muda wa kungoja, ukatengewa kiasi kidogo cha fedha, au ukaachwa nje kabisa. Uzazi nao hungojewa, maana kampuni inajua kwamba wengi hujiunga wakipanga mtoto. Naielewa hesabu hiyo: wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Ndiyo sababu hasa ya kuwa na mfuko wa umma usiouliza una ugonjwa gani.

Linaloniuma ni kodi. Anayelipia bima binafsi hupunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 15 ya alicholipa, mradi nafuu isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Humfaa aliye na kodi ya kupunguziwa. Mama mboga anayejinyima apate mchango wa SHA, usiopungua 300 kwa mwezi, haoni hata senti ya nafuu hiyo.

Karani wetu naye atastaafu. Siku hiyo kadi ya mwajiri hukoma kufanya kazi, na dawa za presha zilizokuwa zikilipiwa kila mwezi zinakuwa juu yake. Akitaka kadi nyingine, ataijaza ile fomu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60, na kwenye swali la shinikizo la damu itambidi aandike "ndiyo".