Kiamshakinywa cha Krismasi Matiliku: Msamiati, Msimu na Unga wa Ngano

Mlo wa kwanza wa siku una majina kadhaa katika Kiswahili, na kila jina lina dai lake. Kiamshakinywa, au chamshakinywa kama wasemavyo wengi nchini Kenya, hudai kwamba kinywa kilikuwa kimelala na sasa kinaamshwa. Kifunguakinywa hudai kwamba kilikuwa kimefungwa. Staftahi, neno lililotokana na Kiarabu, lina mzizi wenye maana iyo hiyo ya kufungua, ingawa siku hizi aghalabu huonekana katika maandishi kuliko kusikika jikoni. Kwingineko, hasa Tanzania na katika mwambao, mtu huulizwa tu iwapo amekwisha kunywa chai, na akijibu kwamba amekunywa, yamkini pia amekula mihogo, mahamri na mbaazi. Majina haya yote yanaafikiana katika jambo moja: mlo wenyewe ni wa kuanzia tu, jambo dogo lisilohitaji shauri la watu.

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba kuna asubuhi moja katika mwaka ambapo dai hilo halisimami. Mahali panapoangaziwa ni Matiliku, katika eneo la Nzaui, kaunti ya Makueni, na asubuhi yenyewe ni ya tarehe 25 Desemba. Kiamshakinywa cha siku hiyo huamuliwa siku kadhaa kabla hakijaliwa. Kinachoamuliwa si ladha. Ni matumizi ya unga, nguvu za mikono ya wanawake, na kiasi cha fedha kitakachosalia kufikia Januari.

Krismasi si ngeni katika eneo hili. Wamishonari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwezi Desemba 1895. Scott mwenyewe alifariki mwaka mmoja baadaye, Desemba 1896, lakini kanisa lilibakia na kuenea kote Ukambani. Kwa hiyo sikukuu hii ina zaidi ya karne moja katika vilima hivyo, na imepata desturi zake ambazo hazikuletwa na mmishonari yeyote.

Kwanza, suala la majira. Mwanafunzi wa tafsiri akikabidhiwa matini ya Ulaya inayosimulia mlo wa asubuhi ya sikukuu katika majira ya baridi, hushawishika kuandika "kipupwe". Hapo huwa ameteleza. Kipupwe cha Waswahili ni baridi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Desemba ni mwezi wa kaskazi na joto. Ukambani nako, Desemba ni mwisho wa vuli, mvua zinazoanza Oktoba na ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa huko, kwa kuwa masika ya Machi hadi Mei hayaaminiki sana. Kadi za Krismasi zenye theluji zimekuwa zikiuzwa nchini kwa miaka mingi, lakini nje ya dirisha la Matiliku siku hiyo kuna majani mabichi, matope mekundu na nzi wa maembe.

Ubichi huo humhadaa mgeni. Anayepita njiani huona shamba la kijani akadhani nyumba ina chakula tele. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza bado hayajakauka. Hata yale ya Katumani, aina iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Machakos miaka ya 1960 ili ikomae upesi katika nchi kavu, huhitaji takriban miezi mitatu. Kunde na ndengu hutangulia, na mwaka mwema huweza kuchumwa mapema. Mbaazi zilikwisha kuvunwa zamani, Agosti au Septemba. Ghala nalo lina mabaki ya mavuno ya masika, yale yale yasiyoaminika. Kwa ufupi, sikukuu kubwa kuliko zote huangukia pale ambapo shamba limejaa majani na ghala limepungua. Kilichoiva kwa wingi ni embe. Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa maembe nchini Kenya, na watoto huanza kuyala mtini kabla jua halijapanda. Hata hivyo, hakuna mama atakayekubali kwamba watoto hao wamekwisha kupata kiamshakinywa. Embe ni embe.

Je, asubuhi za kawaida huliwa nini? Uji, pengine. Kiazi kitamu au muhogo vikiwapo. Lakini mara nyingi zaidi huliwa kilichobaki jana: isyo, yaani mahindi na maharage au kunde vilivyochemshwa pamoja kwa saa nyingi, au muthokoi, ambao ni mahindi yaliyotwangwa kwanza ili kuondoa maganda. Vyakula hivi hupikwa kwa chungu kikubwa kwa sababu kuni ni ghali na muda ni mrefu. Ni busara kupika mara moja na kula mara mbili. Asubuhi hupashwa moto, labda kwa kitunguu na mafuta kidogo, na kuteremshwa kwa chai.

Kiswahili kina hazina ya maneno kwa chakula cha namna hii, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa leo hawayajui. Mwiku ni chakula cha jana usiku kinacholiwa asubuhi. Bariyo ni vivyo hivyo. Kiporo ndilo lililo hai zaidi, hasa Tanzania, ambako limeingia hata katika kandanda: mechi iliyoahirishwa huitwa kiporo. Lugha isingezaa maneno matatu kwa jambo lisilo na uzito. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kwa watu wengi waliokizungumza Kiswahili, mlo wa asubuhi haukupikwa asubuhi. Ulibaki. Kiamshakinywa, kwa maana ya chakula kipya kilichoandaliwa kwa ajili ya asubuhi hiyo pekee, ni anasa ambayo neno lenyewe limeificha.

Hapa ndipo Krismasi ya Matiliku inapopata maana yake. Ni siku ambayo mwiku hukataliwa. Isyo ya jana, hata iwe tamu kiasi gani, haiwekwi mezani mbele ya jamaa waliosafiri kutoka Nairobi au Mombasa. Badala yake huwekwa chapati.

Chapati ni neno la Kihindi, na njia iliyopitia kufika huku inaweza kuonekana kwa macho. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilipita Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na ililetwa na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Makindu lingali hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo humkaribisha msafiri yeyote, wa dini yoyote, na kumpa chakula bila malipo: chapati, dengu, chai. Isidhaniwe kwamba kila mpishi wa Ukambani alijifunza mapishi haya katika hekalu hilo. Maduka na nyumba za Wahindi katika miji ya reli zilikuwa nyingi, na wafanyakazi waliorudi makwao walikuja na mazoea mapya. Chai nayo, ambayo asili ya jina lake ni Uchina, ilianza kupandwa nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903. Hivyo mlo unaochukuliwa leo kuwa ndio Krismasi yenyewe umejengwa kwa vitu viwili ambavyo bibi na babu wa kituo kile cha 1895 hawakuwa navyo.

Kwa mwanafunzi wa sarufi, meza hii ina mtego mdogo unaostahili kutajwa. Chakula, chamshakinywa, chai na chapati, vyote huanza kwa ch-. Viwili vya kwanza vimo katika ngeli ya KI-VI: chakula kile, chamshakinywa kile. Viwili vya mwisho vimo katika ngeli ya I-ZI: chai ile, chapati zile. Anayesema "vyapati" husikika akitaniwa papo hapo, ilhali "vichapati" ni sahihi, ila ni chapati ndogo za kudunisha, na mpishi akisikia neno hilo atataka kujua aliyelisema ni nani.

Nchini Kenya, neno "unga" bila sifa ni unga wa mahindi. Ngano sharti itajwe. Tofauti hiyo ya kisarufi ni tofauti ya mfuko pia, kwani mahindi yaweza kutoka shambani lakini ngano hailimwi Matiliku. Hununuliwa, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka ng'ambo. Vita vilipozuka nchini Ukraine Februari 2022, pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2 ilipanda mwaka huo ikapita shilingi 200. Ni mwaka uo huo ambao vuli ilikuwa haba tena, msimu wa tano mfululizo wa mvua kukosekana au kupungua tangu mwisho wa 2020. Mahindi hayakuwa shambani, na ngano ilikuwa juu rafuni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pakiti moja ya kilo 2 hutoa chapati 20 hivi, zaidi kidogo kwa mkono wa ubahili. Nyumba iliyokusanya watu 15, kila mmoja akila mbili asubuhi na mbili mchana pamoja na nyama ya mbuzi, inahitaji chapati 60. Hizo ni pakiti tatu, bila kutaja mafuta, sukari na majani ya chai. Chapati za mchana haziguswi. Mbuzi bila chapati ni aibu. Kwa hiyo swali la kweli ni moja: je, za asubuhi zipikwe? Kupikwa kwake ni nusu ya unga wote. Na baada ya sikukuu huja karo, sare na vitabu, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari, mwezi ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari kwa kuunganisha maneno mawili ambayo kwao yamekuwa kitu kimoja.

Mazungumzo huwa mafupi. Mkaza mwana huuliza, "Mwaitu, unga huu ni wa asubuhi au wa mchana?" Mama mkwe hujibu, "Wa mchana kwanza. Wa asubuhi tutauona." Asiyejua atadhani jibu hilo ni la kuahirisha. Maana yake ni kwamba wageni bado hawajafika, na haijulikani wamebeba nini. Desturi humtaka anayerudi nyumbani asije mikono mitupu, na mzigo wake wa kawaida ni mkate, sukari na majani ya chai. Mkate wa dukani ukitosha, kiamshakinywa kimekwisha kuamuliwa na mtu ambaye bado yuko garini, na unga wote hubaki kuwa wa mchana. Kuna watakaonung'unika, hasa watoto, ambao mkate wameuona lakini chapati wameiota tangu Novemba.

Zikiamuliwa chapati, huzuka suala la pili, nalo halizungumzwi sana mezani. Ni nani atakayeamka? Unga hukandwa, hufunikwa ulegee, hukatwa madonge, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa na kusukumwa tena, kisha huchomwa moja baada ya nyingine katika kikaango kimoja juu ya moto wa kuni. Chapati 30 ni kazi ya saa mbili au zaidi. Ibada nayo ni ya asubuhi. Anayetaka watu wale zikiwa moto kisha wafike kanisani sharti awe jikoni saa kumi alfajiri, na yeye mwenyewe ataimba akiwa na usingizi. Katika makala na hotuba za sikukuu, sifa huenda kwa chapati; mara chache huenda kwa mkono uliozisukuma.

Suluhisho la nyumba nyingi ni kuzipika usiku wa mkesha, wanawake wakiwa wengi na vijana wakishurutishwa kusukuma, kisha kuzifunika kwa kitambaa ndani ya sufuria. Asubuhi hupashwa tu. Msomaji mwerevu atakuwa amekwisha kuona tatizo: chakula kilichopikwa usiku na kuliwa asubuhi, kamusi hukiita nini? Kwa kigezo cha saa, chapati hizo ni mwiku mtupu, na siku ya kukataa mwiku imefunguliwa kwa mwiku. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji atakayeziita hivyo, na mzungumzaji ana haki. Mwiku na kiporo ni vya kubaki. Watu wameshiba, chungu hakijaisha. Chapati za mkesha hazikubaki. Ziliwekwa. Mtoto aliyenyosha mkono usiku ule alipigwa kofi la vidole na kuambiwa, "Hizo ni za kesho." Maana ya neno, basi, haimo katika saa ya kupikwa bali katika nia ya mpishi, jambo ambalo fasili za kamusi zingeweza kulitaja bila kurefuka sana.

Chai ndiyo humaliza kusema mwaka ulikuwaje. Vuli ikiwa njema, kama ilivyofurika mwishoni mwa 2023, ng'ombe na mbuzi wana majani, na maziwa hutiwa sufuriani pamoja na maji hadi chai ikawa nzito. Mwaka wa ukame chai huwa ya rangi, ile inayoitwa mkandaa pwani na strungi mitaani, na sukari huongezwa ili kuifidia. Chapati zile zile, kikombe tofauti.

Tarehe 26 asubuhi, wageni wakiwa wanafunga mizigo, sufuria hufunuliwa tena. Mara nyingi huwa tupu. Zikipatikana mbili au tatu chini, ngumu kidogo pembezoni, huo sasa ndio mwiku kwa maana yake kamili, na hugombaniwa.