Mchanga Ulio Chini ya Nguzo

Wamakonde wanaishi kando zote mbili za mto Ruvuma, na mpaka wa Tanzania na Msumbiji umepita katikati yao. Mwaka 1975 Julius Nyerere na Samora Machel walitaka mto huo ujengewe daraja. Likaja kufunguliwa Mei 2010: Daraja la Umoja, mita 720 za zege kutoka Mtambaswala hadi Negomano.

Zege lenyewe lina sayansi yake. Halikauki kama tope. Saruji hushikana na maji kikemikali na kuwa jiwe. Ukiligandamiza huvumilia sana, ukilivuta hupasuka upesi, na ndiyo maana hutiwa nondo. Jua nalo hulirefusha: joto likipanda nyuzi 20, zege la mita 720 huongezeka takriban sentimita 14. Nyufa za makusudi zinazokatiza barabara ya darajani ni nafasi ya kupokea urefu huo.

Lakini kinachonitia hofu kiko chini. Ruvuma hupita juu ya mchanga mwingi, na mikondo yake huhamahama. Mafuriko yakigonga nguzo, maji huzama mbele yake, hujisokota chini kabisa, kisha huizunguka nguzo huku yakizoa mchanga. Shimo huwa refu zaidi mafuriko yanapofikia kilele. Maji yakipungua, mchanga mwingine mlegevu hulifukia. Mkaguzi anayefika kiangazi hukuta sakafu imetulia, kumbe wiki chache nyuma nguzo ilikuwa wazi miguuni. Kwa hiyo kwenye mto wa namna hii misingi haina budi kupita kina cha shimo hilo.

Mwaka 1987, jimboni New York, mafuriko yalichimba chini ya nguzo za daraja la Schoharie Creek, likaanguka na kuua watu 10. Misingi yake haikwenda chini vya kutosha. Mwaka 2001 daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno liliporomoka na kuua watu 59. Huko, miaka mingi ya kuchimba mchanga mtoni ilikuwa imeshusha sakafu ya mto.

Tunaopakia malori mchanga wa mitoni tulione hilo: shimo la mchanga upande wa juu au wa chini wa mto kutoka darajani huweza kusafiri hadi kwenye nguzo. Na kina cha mto kwenye nguzo kipimwe mto ukiwa umefurika, kwa kamba yenye uzito ikishushwa kutoka darajani au kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kila nguzo na rekodi yake.