Vyombo vya Kale (Sehemu ya Tatu): Picha Haina Uzito

Katika sehemu mbili zilizopita tulishughulikia vyombo vya jikoni, na hatukusumbuka sana: kinu hakijifichi, wala jiwe la kusagia wimbi. Leo tunaingia kwenye zana zinazompiga mtu chenga.

Chukua picha ya ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliolazwa juu ya kitambaa cheupe. Katikati ni mpana. Ncha zote mbili zimekonda na kurefuka. Waonyeshe vijana wa Karatina. Mmoja atasema mshipi, mwingine kombeo, na aliyekulia zizini atakwambia ni wa kumfunga ng'ombe miguu asipige teke akikamuliwa. Majibu hayo si ya kijinga, ila wote watatu wamesoma umbo tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini ile sehemu pana imelainika na kung'aa upande mmoja, ilhali upande wa pili ni mkavu, na ncha zimekwaruzika kana kwamba zimesuguliwa na magome ya miti.

Zimesuguliwa na magome kweli. Huo ni mukwa, ukanda wa kubebea mzigo mgongoni. Sehemu pana hukaa juu ya paji la uso, ncha hufunga kuni, gunia la viazi au mtungi wa maji, na mbebaji huinama kidogo mbele na kuupanda mteremko. Mng'ao ni jasho la miaka. Macucu (akina nyanya) wengi wa Tetu na Othaya wana alama ya ukanda huo juu ya paji mpaka leo, kijibonde ambacho mjukuu hukigundua akimsuka nywele.

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Wakitembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, wanawake hao hawakutumia oksijeni zaidi ya walipotembea mikono mitupu. Wanajeshi wenye shanta mgongoni hawafui dafu hapo. Sasa rudi kwenye picha yetu: nusu ya chombo kile haimo. Nusu hiyo ni shingo iliyozoeshwa tangu utotoni, nayo haipigwi picha juu ya kitambaa cheupe.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja. Kabla hujauliza chombo kinafanana na nini, tafuta mahali kilipogusana na mwili wa mtu, kisha mahali kilipogusana na kazi. Uchakavu wa sehemu hizo mbili husema zaidi ya umbo.

Ijaribu kwenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, mpana juu na mwembamba chini, wenye vijiti viwili vilivyoshonewa mdomoni. Watu wengi husema kiriba cha maji au cha maziwa. Lakini kiriba gani huachama mdomo mzima hivyo? Tazama vijiti: vimelainika pale vidole vinaposhika. Tazama ncha ya chini: imekakamaa kwa joto, na kama bahati ipo utaona kipande cha mrija wa udongo uliobadilika rangi. Huo ni mvukuto wa mhunzi. Mkono hufungua vijiti mfuko ukiinuliwa, huvifunga ukishindiliwa chini, na upepo hupitia mrija hadi kwenye makaa. Wahunzi wa upande huu wa Mlima Kenya hawakuchimba mashimo ya madini. Mchanga mweusi mzito uliokusanywa vijitoni ulioshwa mpaka ikabaki chembe ya chuma, ukakaushwa, ukayeyushwa.

Kwa kazi hii ya kutambua vyombo tunamshukuru, kwa shingo upande, Mwingereza mmoja na mkewe. William Scoresby Routledge na Katherine Routledge waliishi maeneo ya Nyeri kati ya 1906 na 1908, na mwaka 1910 wakachapisha London kitabu With a Prehistoric People. Jina linaudhi: watu waliokuwa wakivuta nyaya za chuma na kuunga mikufu myembamba mno wanaitwa wa kabla ya historia! Hata hivyo picha zao zina faida ambayo picha nyingi za makumbusho hazina: fundi yumo, amechuchumaa, chombo kiko mkononi. Padri Cagnolo wa Consolata naye alijaza picha katika kitabu chake kuhusu Wakikuyu, kilichopigwa chapa hapahapa Nyeri mwaka 1933. Mwenye kutaka kukisia vizuri na aanze na picha zenye watu.

Si vyombo vyote vya kutatanisha vilivyo vya wahenga. Nanyuki, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, palikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano, Kambi Namba 354. Ungeonyeshwa nyundo iliyofuliwa upya hadi kichwa kikawa na ncha, pamoja na vipande vya bati la gari bovu vilivyokatwa meno na kufungwa kwa seng'enge, ungesema nini? Pengine kifaa cha kuparia magugu. Felice Benuzzi na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walivitengeneza kwa siri ili wapande Mlima Kenya. Nyundo zilikuwa shoka za barafu. Meno ya bati yalifungwa chini ya viatu ili visiteleze. Kamba zao zilitoka kwenye katani ya vitanda. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama, nao wakakisia njia. Walitoroka tarehe 24 Januari 1943, Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana tarehe 6 Februari, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Hapa kanuni yangu inahitaji nyongeza: chombo kilichogeuzwa kazi hubeba uchakavu wa aina mbili, na ule wa zamani ndio unaopotosha.

Ndivyo ilivyo pia kwa bunduki za kienyeji za Mau Mau. Kipande cha bomba la maji, komeo la mlango, mipira iliyokatwa kwenye tyubu, kitako cha mti. Fundi bomba ataona bomba, na hajakosea: ndilo. Cha kutazama ni komeo. Kwenye mlango huteleza likatulia. Hapa limevutwa nyuma, mpira umenyooshwa, tayari kulirusha mbele ligonge risasi. Nyingine zilimdhuru aliyezishika kuliko aliyelengwa.

Kuna chombo kimoja kinachoivuruga kanuni kabisa. Kibati kidogo bapa, chenye kifuniko na kishimo cha uzi. Jibu la kwanza huwa lilelile: tabakero. Lakini tabakero hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na kidole gumba huacha njia yake kwenye kifuniko. Kibati hiki kimechakaa nyuma, kilipogongana na kifua, na kwenye kishimo cha uzi. Ni kasha la kipande. Sheria ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara. Kutoka bila kipande hicho ilikuwa faini au jela. Mwanaharakati Harry Thuku alikipinga hadharani miaka ya mwanzo ya 1920, na bado kilidumu hadi baada ya vita vya pili.

Mwili ulikibeba, lakini haukukitumia. Aliyekitumia ni askari aliyesimama njiani na kunyoosha mkono, na mkono huo haukuacha alama yoyote juu ya bati. Hata jengo huweza kuficha kazi yake hivyo: ukitembelea Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, kumbuka kwamba jengo lenyewe lilikuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni.

Wiki ijayo: gicandi, kibuyu kilichochorwa alama ambacho waimbaji wawili walikitumia kushindana kwa mafumbo.