Je, Wajua Mtambo Unaokupigia Simu?

Umepokea simu, umesema "haloo", na upande wa pili kimya. Sekunde moja, pengine mbili. Kisha inasikika sauti ya mhudumu, au sauti iliyorekodiwa inaanza kukutangazia zawadi na vifurushi, au simu inakatika. Wengi hulaumu mtandao. Mara nyingi, katika kimya kile kuna mtambo unaokusikiliza.

Mtambo huo ni programu ya kompyuta iliyopewa orodha ndefu ya namba. Huzipiga nyingi kwa wakati mmoja, na mtu anapopokea hupima urefu wa maneno yake ya kwanza. Binadamu husema "haloo" akanyamaza kusubiri jibu. Huduma ya kuacha ujumbe huongea mfululizo bila kupumua. Kwa tofauti hiyo ndogo, mtambo huamua kama aliyepokea ni mtu wa kuunganishwa na muuzaji au ni wa kuachwa.

Simu inayokatika yenyewe ina historia yake. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpangilio. Kutokana na kazi yake, makampuni yaliweza kukisia ni laini ngapi zinahitajika ili mteja asikae akisubiri. Mitambo ya matangazo imechukua hesabu za ukoo huo na kuzigeuza: anayelindwa asisubiri sasa ni muuzaji. Mtambo hupiga namba nyingi kuliko idadi ya wauzaji waliopo, ukitarajia kwamba wengi hawatapokea. Wakipokea wengi kuliko ilivyokisiwa, aliyezidi anakatiwa. Marekani imeweka kikomo: simu zinazotelekezwa namna hiyo zisizidi asilimia 3 ya zile zilizopokelewa na watu, na muuzaji awe amepatikana ndani ya sekunde 2 baada ya mtu kuitika. Yaani kisheria, watu 3 katika kila 100 wanaweza kuinuliwa kwenye shughuli zao bure. Kwangu mimi, hata hao watatu ni wengi.

Mfikirie mtu kama huyo hapa Tanzania, mchuma chai wa Kwamkoro, kule Usambara Mashariki jirani na Amani. Kuchuma kunataka mikono yote miwili, na malipo hufuata kilo. Eneo hilo hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo simu hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kufichwa ndani ya nguo. Ikilia, lazima asimame, ajifute mikono, aifungue. Hawezi kuipuuza kwa sababu namba ni ngeni. Inaweza kuwa shule ya mwanawe, zahanati, au ndugu aliyeazima simu ya mtu huko Muheza.

Milima nayo inaongeza gharama. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mgongo wa mlima ukisimama kati ya bonde na mnara, bonde linabaki kivulini. Hapo simu hulazimika kuongeza nguvu ili isikike. Kiswaswadu cha kawaida karibu na mnara huweza kurusha mawimbi kwa nguvu ya sehemu chache tu za elfu za wati. Kikiwa mahali pagumu kinaweza kupanda hadi wati 2, na chaji inakwisha haraka zaidi. Kwa hiyo tangazo lilelile linalomkera mtu wa Dar es Salaam kwa dakika moja linaweza kumgharimu zaidi mtu wa bondeni, ambaye pengine huchajia dukani kwa pesa.

Halafu kuna lile la "bonyeza moja". Ukibonyeza, mtambo wa upande wa pili husikia milio miwili kwa pamoja, mmoja wa mitetemo 697 kwa sekunde na mwingine wa 1,209. Kila kitufe kina jozi yake, na ndiyo maana kompyuta isiyo na macho inajua ulichogusa. Kwa mfanyabiashara, jozi hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa umekubali kujiunga na huduma. Kwa tapeli, kitufe chochote ni uthibitisho kwamba namba ina mtu.

Tanzania haijakaa bila sheria. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu matangazo ya bidhaa au huduma ambayo hakuyaomba, isipokuwa awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe mwanzoni pamoja na lengo lake, na mpokeaji apewe njia ya kuyakataa siku zijazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeongeza haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara, na ina tume yake ya kuisimamia. Hata kuwepo kwa namba yako katika orodha ya mtambo, basi, ni jambo la kujibiwa na aliyeiweka humo.

Jirani zetu wameonyesha kwamba sheria ya aina hii inaweza kuuma. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine kuwatumia wahusika ujumbe na simu za vitisho.

Ugumu wa kweli ni kumjua anayepiga. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 Watanzania walipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ikawa siku ya mwisho kwa laini zisizosajiliwa hivyo. Mchuma chai wa Kwamkoro alipeleka kidole chake. Mtambo hauna kidole, na simu inayopitia intaneti inaweza kuvikwa namba yoyote mpigaji anayoitaka. Marekani ilijibu kwa kuyataka makampuni makubwa ya simu, kufikia tarehe 30 Juni 2021, yatie sahihi ya kidijitali kwenye simu zinazopita katika mitandao yao ya intaneti, ili anayepokea ajue kama namba ni ya kweli. Sauti nayo sasa inaigwa. Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire walipigiwa na sauti bandia ya Rais Joe Biden ikiwashawishi wasiende kupiga kura ya mchujo. Tarehe 8 Februari mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitamka kwamba sauti ya akili mnemba ni sawa na sauti iliyorekodiwa: bila ridhaa ya mpokeaji, ni kosa.

Teknolojia yenyewe haina ubaya. Kuanzia mwishoni mwa 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni iliwatumia wajawazito wa Tanzania ushauri wa afya kwa kompyuta, bure. Lakini mama ndiye aliyeanza, kwa kutuma neno "mtoto" kwenda 15001, na kompyuta ikamjibu. Makampuni ya matangazo yanaweza kufuata utaratibu huo huo kuanzia kesho bila kusubiri sheria mpya.

Kwa sasa, ukipigiwa na sauti usiyoiomba, usibonyeze kitu. Andika namba, tarehe na saa. Kama ni tapeli, tuma namba yake kwa ujumbe kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kama ni kampuni inayojulikana, iandikie kwanza yenyewe, uitake ionyeshe ni lini uliridhia, na utaje kifungu cha 32. Isipokujibu, peleka malalamiko TCRA ukiwa na maandishi hayo mkononi.