Kinywe cha Mahenge na Hesabu ya Kilo za Betri

Ofisa mmoja wa sekta ya madini, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina, ana hesabu anayopenda kuirudia: betri ya gari moja la umeme hubeba kilo 50 hadi 100 za kinywe (grafiti). Zidisha kwa mamilioni ya magari, anasema, kisha utazame miamba yenye kinywe ya Mahenge na Ruangwa, Tanzania. Serikali nayo ina hisa za bure zisizopungua asilimia 16 katika migodi ya huko.

Kilo hizo ni za kweli. Ila ni za unga uliosafishwa hadi asilimia 99.95 na kuviringishwa, kazi inayofanyika karibu yote China, na inayopoteza nusu ya mzigo au zaidi. Isitoshe, betri nyingi hutumia kinywe cha kiwandani, kinachopikwa kutokana na masalia ya petroli kwenye joto la nyuzi 3,000 hivi. Hicho hakimtafuti mchimbaji yeyote. Desemba 2023, China ilipoanza kudai vibali vya kuuza kinywe nje, wengi walitega masikio wakingoja bei ipande. Lakini bidhaa ya kiwandani ilikuwa imejaa sokoni, na bei haikuinuka.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, mzoefu wa makinikia, analalamikia jambo jingine: vipimo. Sampuli hupimwa hapa, hupimwa tena kwa mnunuzi, na kila mara ni kipimo cha mnunuzi kinachopanga bei. Kaboni ikisomeka pungufu kidogo, au chembe ndogo zikionekana nyingi, bei hukatwa wakati mzigo umeshavuka bahari. Kuurudisha ni hasara juu ya hasara. Anauliza, na ni vigumu kumbishia, mbona semina za madini ya kimkakati haziishi ilhali maabara ambayo mnunuzi ataiheshimu haijengwi.

Halafu kuna matumaini ya "nano". Watengenezaji betri wanachanganya kinywe na silikoni, ambayo kwa uzito uleule huhifadhi chaji karibu mara kumi. Ubaya wake ni kwamba huvimba hadi mara tatu inapochajiwa, ikapasuka na kukata njia ya umeme. Ndipo huongezwa vijineli vya kaboni vya kiwango cha nano, vyembamba mno, vinavyoshika vipande pamoja na kupitisha umeme. Mchanganyiko huo hutajwa majukwaani kana kwamba ni soko jipya la Mahenge. Vijineli hivyo hutengenezwa kwa gesi, si kwa mwamba, na kila silikoni inapoongezwa kinywe hupungua. Grafini hubanduliwa kweli kutoka kwenye kinywe, lakini kwa kiasi kisichojaza meli.

Huenda magari yakaongezeka kwa kasi inayofidia hayo yote. Ofisa anaamini hivyo. Mfanyabiashara anaweka dau lake kwenye chembe kubwa za kinywe, zinazonunuliwa na watengenezaji wa matofali ya tanuri za chuma. Nao hupima wenyewe, anasema, ila huwa hawabishani sana.