Jumamosi Tulipowafuata Ziwani

Kwa muda mrefu sisi wake watatu tuliichukia Jumamosi. Alfajiri mabwana zetu walibeba fimbo zao za kuvulia wakaelekea Naivasha, kilometa 90 hivi kutoka Nairobi. Walirudi usiku wamechoka, wananuka samaki, hawana neno kwa watoto. Tulinung'unika. Hata mvua tuliiomba inyeshe! Kisha mmoja wetu akasema, "Jamani, mbona tusiende nao?"

Mwenye mashua, mzee mpole, alitugawia jaketi za kuelea, akahakikisha kila mtoto amefungwa barabara. Tulipokaribia mafunjo akazima injini. Huko ndiko anakojificha samaki wanayemfuata, besi. Si mwenyeji wa ziwa hilo. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Utamtambua kwa mdomo wake mkubwa, uliopasuka hadi nyuma ya jicho. Yeye huvizia kivulini, basi chambo hutupwa kando kabisa ya majani, kisha mshipi huvutwa polepole, kwa kusitasita, kama kamba aliyejeruhiwa. Kamba wa maji baridi nao waliletwa, mwaka 1970, wakawa chakula chake. Tilapia wapo pia, na karpi, aliyeonekana humo mara ya kwanza mwaka 2001, ameongezeka sana.

Bwana mmoja alitueleza jambo ambalo hatukulitazamia. Dume la besi ndilo linalochimba kiota chini ya maji. Jike akishataga huenda zake, na dume hubaki likilinda mayai, na hata vifaranga wanapoanguliwa.

"Hubaki hata Jumamosi?" akauliza mkewe.

Tulicheka mpaka mashua ikayumba. Yeye bwana hakucheka sana.

Baadaye mshipi wa mtoto wetu wa miaka tisa ulinasa kwenye mafunjo. Akasimama, akainama nje kuuvuta. "Keti!" mzee akafoka. Mapovu yalikuwa yakipanda, na mbele yetu kidogo kichwa cha kiboko kikaibuka, kikipumua kwa kishindo. Baba alimshika mtoto kiunoni, mzee akakata mshipi kwa kisu, na injini ikaturudisha nyuma. Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika maji mapana. Hapo tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa namna yake. Mtoto alibaki mapajani mwa baba yake, mkubwa jinsi alivyo, hadi ufuoni.

Tulirudi na besi wawili na tilapia wanne. Nyama ya besi ni nyeupe na haina miiba mingi; tuliichanja, tukaipaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, tukaikaanga. Mezani bwana yule akasema, "Mama, mimi sikujua kwamba mnatungoja hivyo."

Tulikubaliana ziwa liwe Jumamosi moja kwa mwezi, nasi twende pamoja. Zilizobaki ni za nyumbani. Makubaliano hayo yamevunjwa mara mbili, na mara ya pili tuliyavunja sisi wanawake.